Mtani Alisema Anampeleka kwa Mumewe

Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga Auleria jaketi la maboya. Nilikaza kamba za kifuani, nikamuuliza kama zinambana, akasema hazimbani. Kisha nikamshika mkono, nikampakiza nyuma ya Mbaruku kwenye ile pikipiki ya maji, mbele ya watu waliojaa ufukweni Lindi.

"Ninampeleka kwa mumewe!" Mbaruku akapaza sauti.

"Mpeleke!" nikamjibu. "Na nguo zake nitazituma!"

Watu wakacheka. Niliyecheka kuwashinda wote ni mimi, fundi wa kujichimbia mashimo.

Kama wiki zilizopita ulikuwa na shughuli zako, ndugu msomaji, nikudokeze kidogo. Mimi ni Apolinari, fundi redio wa Nachingwea, yule ambaye kibanda chake kiliungua pamoja na redio za watu, akakimbiwa na ndugu zake siku wenye redio walipomjia juu. Nilikuwa nimeichoka dunia nilipomwona Auleria wa Nandagala, kule Ruangwa.

Auleria alikuwa mjane. Mumewe, Kipriani, alikuwa utingo wa lori, na lori hilo lilizolewa na mto uliofurika masika ya mwaka 1981. Dereva alipatikana, Kipriani hakupatikana. Watu walilia, wakakaa matanga, wakatawanyika. Mwaka 1988 nikapeleka posa, mjomba wake, mzee Kaimu, akaipokea. Padri akatutangaza kanisani, na harusi ikapangwa Jumamosi.

Yote hayo nimekwisha kuyaeleza. Ambaye sijamweleza ni Mbaruku.

Ukoo wa Mbaruku ni watani wetu, na ni watani wa akina Auleria vilevile. Mtani hakasirikiwi. Akikuvua kofia barabarani akaenda nayo, unacheka. Akija msibani kwako akajilaza chini na kudai uji wa maiti, unacheka na machozi yako mashavuni. Ndiyo kazi yake, na siku akifiwa yeye, unamlipa.

Kwenye matanga ya Kipriani, Mbaruku aliingia amevaa koti la marehemu. Akasimama mlangoni na kufoka: "Nani amekalia kiti changu? Nimetoka kidogo tu, mmekwisha kula kuku zangu?" Waliokuwepo wanasema hata Auleria alicheka, yeye aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu habari ilipofika.

Tangu hapo Mbaruku hakuuacha mchezo huo. Kila akikutana nasi, Kipriani yuko hai. Leo amemwona huko Mtua, ananunua ufuta. Kesho amemwona huko Naipingo, amenenepa, anafuga kitambi. Tukamzoea.

Basi wiki ile ya harusi akanijia Nachingwea, kwenye baraza ya nyumba ya watu nilikokuwa nimehamishia ufundi wangu. Nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Mtani, Kipriani yuko hai."

"Kitambi kimefika wapi?"

"Amekonda. Anachoma chokaa nyuma ya rasi, kule Lindi. Nimemwona, nimesema naye."

"Juzi alikuwa Naipingo. Amehama lini?"

"Apolinari, nakuapia Mungu mmoja."

"Uliapa hivyohivyo kwamba bibi yangu alikuwa fisi."

Akanitazama, akashusha pumzi, akaondoka. Hakuchukua bisibisi yangu, hakuninyang'anya sigara, hakuomba hata maji. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Nililehemu redio ya watu huku natabasamu.

Kumbe alikuwa amekwisha kwenda pia kwa mjomba Kaimu, Nandagala. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu: "Vizuri, mwambie Kipriani aje mapema. Tuna upungufu wa watu wa kupasua kuni za harusi."

Sasa nikieleze kile chombo. Mbaruku alikuwa dereva wa wazungu fulani wa mradi wa maji. Wazungu hao walikuwa na pikipiki ya maji, kitu chekundu chenye usukani na kiti kirefu cha watu wawili, kinachonguruma kama mashine ya kusaga. Walimfundisha kukiendesha ili awatembeze wageni wao kando ya pwani: mikokoni, chini ya majabali, mpaka kwenye rasi na kurudi. Sisi wa bara tulikuwa tunakisikia tu.

Tulipoteremka Lindi kuchukua viatu vya bibi harusi, mimi, Auleria, mjomba Kaimu na bibi Biasha, somo aliyemfunda Auleria, Mbaruku akatupokea stendi. Wazungu wamesafiri, akasema, wamemruhusu. Zawadi yake ya harusi ni kumtembeza bibi harusi majini.

"Mtembeze bwana harusi," Auleria akasema. "Mimi naogopa."

"Wewe kwanza," Mbaruku akasema. Alikuwa hacheki. Tukafikiri huo nao ni utani, mtani kununa.

Ndipo nikafunga zile kamba, na maneno yakawa hayo niliyoanza nayo.

Wakaenda. Pikipiki iliruka mawimbi, Auleria akapiga yowe la kwanza, la pili likawa kicheko. Khanga yake ilipepea. Nilimwona anamshika Mbaruku mgongoni, anazidi kuwa mdogo, mpaka wakaipita rasi. Ngurumo ikafifia, halafu ikanyamaza kabisa.

"Ameshafika kwa mumewe," bibi Biasha akasema, na tukacheka tena.

Tukangoja. Mjomba Kaimu akakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akavuta ugoro.

"Huyo anataka jogoo," akaniambia. "Mtani akimteka bibi harusi hamrudishi bure. Nenda katafute jogoo, mkwe."

Nikaenda sokoni, nikarudi na jogoo kwapani. Bado hawajatokea. Bibi Biasha alikuwa amesimama, anaitazama rasi. Nikamwuliza mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu kama bahari nyuma ya rasi ni mbaya.

"Si mbaya," akasema. "Lakini chombo kile kikizima, kimezima."

Nikaanza kutembea huku na huku na jogoo wangu, watoto wananizomea, mjomba ananiambia nikae. Ndipo ngurumo ikasikika.

Mbaruku alikuwa peke yake.

Nikaingia majini na viatu. "Auleria yuko wapi?"

"Kwa mumewe."

Mjomba akaangua kicheko nyuma yangu. "Mpe jogoo! Mpe!"

Nikamnyooshea jogoo. Mbaruku akamsukuma kando. Nikamnyooshea tena, akasema kwa sauti ya chini, "Simtaki jogoo wako, Apolinari. Panda."

Mtani amekataa jogoo. Jambo hilo sijawahi kuliona wala kulisikia. Nikamkabidhi bibi Biasha jogoo, nikapanda.

"Shika kiuno changu," Mbaruku akasema. "Nikikata kona, lala ninapolala mimi. Usishindane nami."

Tukatoka. Maji yalinipiga usoni, chumvi ikaniingia machoni. Sikuwa nimewahi kupanda chombo cha majini maishani mwangu, na sikupata hata nafasi ya kuogopa.

"Kushoto mikoko," Mbaruku akapaza sauti. "Maji yakitoka, kaa wanajaa hapo, wekundu. Wageni hupenda kupiga picha."

"Mbaruku."

"Yale ni majabali. Yale matundu ni ya ndege. Hapa maji yana rangi mbili, ya kijani na ya buluu, tazama, huwa nasimama wageni waone."

"Mbaruku, nyamaza!"

"Nikinyamaza nitalia," akasema, na akaendelea kunitembeza.

Pwani ile ni nzuri. Ninasema ili nisimdhulumu Mbaruku. Majabali yamesimama, maji yanang'aa chini yake, na miti imejishikilia kwenye mawe ambako hata mbuzi hafiki. Niliyaona yote, na ningetoa macho yangu yote mawili ili nisione kilichokuwa nyuma ya rasi.

Nyuma ya rasi palikuwa na kijipwani cheupe. Tanuri la chokaa lilikuwa linafuka moshi, kando yake lori na rundo la magunia. Auleria alikuwa ameketi juu ya chungu ya matumbawe, bado amevaa jaketi la maboya. Mbali naye kidogo alisimama mwanamume mwembamba, miguu myeupe kwa chokaa, kope nyeupe, nywele nyeupe.

Nilimjua hata kabla hajageuka. Tulicheza naye mpira Nachingwea, yeye golikipa. Kipriani akisimama huwa anainamisha bega la kushoto.

"Apolinari," akasema. "Hujambo?"

Maiti ananijulia hali. Nikaitikia sijambo, kwa sababu sikujua neno lingine.

"Mwulize alikuwa wapi," Auleria akaniambia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nimemwuliza, hanijibu la maana."

Kipriani akachuchumaa, akashika mchanga. "Maji yalinitupa mbali. Watu wakaniokota, nikaugua sana. Nilipopata nguvu ya kutembea nikasikia mmekwisha kunilia. Nikasema nitarudi mvua zikiisha. Mvua zikaisha, nikasema nitarudi baada ya mavuno. Nikaona haya. Kadiri nilivyochelewa, haya ikazidi." Akaumwaga mchanga. "Nina mke Kilwa. Na watoto."

Nakwambia kweli, aliposema hivyo nilitaka kumkumbatia. Ana mke! Hamtaki Auleria! Furaha ilinipanda mpaka kooni, furaha ya kijinga.

"Basi umemwacha," nikasema. "Sema mbele ya Mbaruku kwamba umemwacha."

"Hilo la kuacha ni la Waislamu, akina Mbaruku," Auleria akasema. "Mimi na huyu tulifungwa na padri. Akiwa hai, mimi ni mke wake. Jumamosi hakuna harusi, Apolinari. Hukulijua hilo?"

Nililijua. Nilikuwa nimelisahau kwa makusudi.

Kipriani akainua kichwa. "Harusi ipo. Mimi ni marehemu, niacheni hivyohivyo. Lori likijaa naondoka nalo kwenda Kilwa, na huku sirudi tena."

"Tutajuaje kwamba hakuna atakayesema?" nikauliza.

"Aseme nani? Mbaruku?" Kipriani akacheka kidogo, kicheko kilekile cha zamani. "Mbaruku amekuwa akisema niko hai tangu siku ya matanga yangu."

Mbaruku akageuka, akatazama bahari.

Auleria akasimama. "Na padri akiniuliza mimi, nitasema nini?"

"Sema wewe ni mjane."

"Nikuangalie hapa, halafu nikapige magoti pale niseme wewe umekufa?"

Alinitazama mimi, akanitazama muda mrefu, na mimi nikatazama magunia. Akafunga vizuri khanga yake.

"Mbaruku, nirudishe kwa mjomba."

Kiti kile ni cha watu wawili. Akapandishwa, wakaondoka, nami nikabaki na Kipriani kungoja zamu yangu.

Sasa ninaandika jambo ambalo hata kwenye kitubio sijalisema. Ngurumo ilipopotea nilimwuliza Kipriani lori limebakiza magunia mangapi. Akanionyesha lile rundo. Nikavua shati.

Nilimpakilia. Mimi, ambaye siku ya harusi nilitakiwa kuwa na mikono laini ya bwana harusi, nilibeba chokaa kama kibarua ili mume wa mchumba wangu aondoke upesi. Chokaa ya magunia yaliyopasuka niliizoa kwa viganja. Hatukuzungumza. Mara moja tu akaniambia, "Unampenda kweli," nami nikamwambia afunge mdomo na ashike upande wa pili.

"Ukionekana Nandagala nitakuzika mara ya pili," nikamwambia lori lilipojaa.

"Ngoja dereva wa lori ale kwanza, yuko nyuma ya tanuri," akasema.

Mbaruku akarudi kunichukua. Akaiangalia mikono yangu, akaliangalia lori. Safari hii hakunionyesha mikoko wala majabali.

Njiani maji ya bahari yakanirukia, na wanaojua chokaa mbichi wanajua kwamba ikilowa huunguza. Viganja vikaanza kuwaka. Nilivikung'uta, nikavipangusa kwenye suruali, vikazidi. Nilivumilia, kwa kuwa ningemlalamikia nani?

Ufukweni watu walikuwa wamekusanyika tena. Auleria alikuwa amepiga magoti mchangani mbele ya mjomba wake, na mzee Kaimu hakuwa anavuta ugoro. Bibi Biasha bado amemkumbatia jogoo.

Nikateremka. Mjomba akanijia mwenyewe, jambo ambalo mzee wa heshima zake hafanyi kwa mkwe.

"Mkwe," akasema taratibu, "mtoto huyu anasema amemwona Kipriani. Anasema amemshika mkono. Mbaruku namjua, lakini huyu si mtani wangu, huyu nimemlea. Na wewe umetoka hukohuko. Ni kweli?"

Kila mtu akanigeukia. Auleria akainua uso. Hakuwa ananiomba lolote, ndugu msomaji, alikuwa ananingoja tu niseme, kwa uhakika wa mtu anayejua mwenzake atasema.

Jumamosi ilikuwa karibu. Lori lilikuwa limejaa.

"Ah, mjomba," nikasema, nikacheka. "Utani wa Mbaruku huo. Kuna mchoma chokaa kule wamefanana mabega."

Halafu mjomba akashusha pumzi, bibi Biasha akasema, "Mungu wangu, mtoto jua limempiga," na watu wakaanza kucheka kwa kupona hofu.

Mjomba akamgeukia Mbaruku. "Na wewe, mara hii umezidi. Sema ukweli!"

"Mjomba, nilikwisha kuusema," Mbaruku akajibu. "Nimeusema Nachingwea, nimeusema Nandagala, nimeusema hapa."

Wakacheka zaidi.

Auleria peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Viganja vilikuwa vyekundu, na kwenye mistari chokaa ilikuwa bado nyeupe. Alivitazama mpaka akaelewa, na nikaona anavyoelewa: kwanza magunia, halafu lori, halafu mimi.

Akasimama. Akapangusa mchanga magotini.

"Mjomba, nisamehe. Nakwenda kumleta, umwone."

"Kumleta nani? Kaa chini, mwanangu."

Lakini alikuwa amekwisha ingia majini. Mbaruku hakuniangalia. Aliisukuma pikipiki, akampandisha.

"Petroli inaweza isitoshe kurudi," akamwambia.

"Nani kasema narudi?" Auleria akajibu.

Wakaondoka. Nilisimama majini mpaka magotini, mjomba ananiita nyuma, mikono inaniwaka moto, na macho yangu yako rasini. Nilimwomba Mungu dereva yule awe amekwisha kula, na lori liwe limeondoka.